Kifaa nakipenda kweli, je ninunue na hisa za kampuni yake?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni fundi mitambo kiwandani, huu mwaka wa 14. Mwaka juzi tulifungiwa vifaa vidogo vya kampuni moja changa ya teknolojia, unakibandika kwenye mota au pampu kinasikiliza mtikisiko na joto, kikihisi beringi imeanza kuchoka kinakutumia ujumbe kwenye simu. Vimetuokoa mara mbili mashine kubwa isituzimikie katikati ya zamu. Kampuni yenyewe iko kwenye soko la hisa. Nimeenda kwenye maonyesho yao, nimeongea na injinia wao karibu saa nzima, akanionyesha toleo jipya lisilotumia betri kabisa. Mauzo yao yamepanda asilimia 60 kwa mwaka, wametangaza ushirikiano na kampuni kubwa inayotengeneza pampu, alafu hisa moja inauzwa dola 2 tu wakati mwaka juzi ilikuwa 5. Kwenye ripoti nimeona wana milioni 12 benki na hisa zao zote ni milioni 50. Mi naona soko bado halijashtuka. Nataka niweke theluthi mbili ya akiba yangu, na kazini naweza kupata mkopo kidogo nikaongezea. Mke wangu anasema nimependa kifaa nikadhani nimependa kampuni. Nani yuko sahihi?"

Ndugu fundi, salama. Nianze na shemeji maana kakupiga penyewe, ila na we una kitu mkononi ambacho sitaki ukitupe kwa sababu tu umepingwa nyumbani. Watu wengi wanaonunua hisa za kampuni ndogo za teknolojia hawajawahi kukishika kifaa chenyewe, wanasoma matangazo na kuangalia mchoro wa bei unavyopanda na kushuka. We umekibandika kwa mkono wako, umekiona kikikamata beringi kabla haijafa, tena mara mbili, na unajua saa moja ya mashine kubwa kusimama inauma kiasi gani. Huo ni ushahidi halisi. Shida ni kwamba ni ushahidi wa swali moja tu, je kifaa kinafanya kazi kwa mtu kama wewe? Na pesa yako inaenda kuwekwa kwenye maswali mengine manne matano ambayo kifaa hakiwezi kukujibu hata ukikipenda vipi. Wanasema ukipenda boga penda na ua lake, sasa kwenye hisa ua lenyewe ni madeni, hisa mpya, wateja wasiolipa kwa wakati na bei uliyonunulia.

Kuna kisa cha zamani kidogo ambacho huwa nakirudia kila nikiulizwa swali la aina hii. Kampuni ya Iomega ya Marekani ilileta kifaa cha kuhifadhi mafaili ya kompyuta kinaitwa Zip, kikaanza kuuzwa mwaka 1995, diski yake moja ilibeba megabaiti 100 wakati diski laini ya kawaida ya siku zile ilibeba 1.44. Kwa mtu mwenye mafaili makubwa ilikuwa kama umemtoa gerezani. Wawekezaji wadogo wakakipenda, wakaanza kuhabarishana kwenye intaneti, wengine walienda hadi kuhesabu magari nje ya kiwanda wikendi ili wajue kama wafanyakazi wanaitwa kazini siku za mapumziko. Na hawakukosea! Kifaa kiliuzwa kweli, kwa mamilioni. Hisa ikapaa mpaka Mei 1996 kampuni ikawa na thamani ya mabilioni ya dola. Alafu zikaja CD za kuandikia ambazo diski yake iliuzwa bei ya kutupa, baadaye flashi za USB, na mwaka 2008 kampuni nzima ikanunuliwa na kampuni ya EMC kwa kama dola milioni 213. Wale jamaa waliohesabu magari waliona vizuri kabisa kilichokuwa mbele ya macho yao, ila bei waliyolipa ilikuwa inadai miaka kumi au ishirini ya mafanikio na kifaa kikapata kama mitano hivi.

Kwahiyo kabla hatujafika kwenye hesabu, hebu tuutumie huo ufundi wako vizuri zaidi, maana naona umeutumia nusu. We umeniambia kifaa kimewaokoa. Sijaona umeniambia vifaa vingapi kati ya vile mlivyofungiwa mwaka juzi bado vinafanya kazi leo. Betri zimebadilishwa na nani, na ilichukua muda gani? Vinapiga kelele za uongo mara ngapi kwa mwezi, na zile kelele mafundi wenzako bado wanazifuatilia au wameshaanza kuzipuuza? Hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, maana kifaa cha tahadhari kikishazoeleka kuwa kinadanganya kinabaki ukutani kama pambo, na mwaka wa kulipia upya ukifika meneja anauliza hivi hiki tunakilipia cha nini.

Na hapo kwenye kulipia upya ndo penyewe. Vifaa vya namna hii huwa vinaingiza pesa kwa njia mbili, kuna bei ya kifaa chenyewe na kuna malipo ya kila mwezi au mwaka ya programu inayosoma zile data na kutuma ujumbe. Kwenye kifaa faida mara nyingi ni nyembamba, kuna chipu, kasha, kiwanda cha kuunganisha, usafiri, dhamana. Kwenye programu kumuongeza mteja mmoja zaidi hakugharimu sana, kwahiyo faida nono iko huko. (Iomega nao walikuwa hivyohivyo, mashine yenyewe faida kiduchu, pesa iko kwenye diski.) Sasa nenda kamuulize anayeshika bajeti ya matengenezo hapo kwenu, mkataba wa programu tuliuhuisha? Kwa bei ileile au walitupunguzia ili tusiondoke? Mliongeza vifaa kwenye mashine nyingine au mlibaki na vile vya majaribio? Kama kiwanda kilichookolewa mara mbili hakijaongeza hata kifaa kimoja, hiyo ni habari mbaya kuliko mstari wowote kwenye ripoti ya mwaka. Na kama mmeongeza mara tatu bila kubembelezwa basi hiyo ni habari nzuri sana na hakuna mchambuzi wa ofisini anayeijua kama unavyoijua wewe. Alafu piga simu kwa mafundi unaowafahamu viwanda vingine, watano tu wanatosha, uliza maswali hayohayo, maana kiwanda kimoja ni kiwanda kimoja.

Hilo toleo lisilo na betri nalo, najua limekuvutia, mi pia lingenivutia. Ila umelionea kwenye meza ya maonyesho. Kifaa cha namna hiyo kinavuna umeme wake kwenye mtikisiko wenyewe au kwenye tofauti ya joto kati ya mashine na hewa, na kinachopatikana ni kidogo sana, tunaongelea milliwati na mara nyingi chini ya hapo. Kivunio cha mtikisiko kwa kawaida kinatengenezwa kifanye vizuri kwenye mtikisiko wa kasi fulani, sasa mota inayoendeshwa na inveta inabadilisha kasi kila saa na mavuno yanashuka, na mota ikizimwa kabisa hakuna cha kuvuna. Mara nyingine ungependa kujua hali ya mashine hasa pale inapowaka, je wakati huo kifaa kimeshaamka? Haya ni maswali ambayo we unaweza kumuuliza injinia na akajua anaongea na mtu wa kazi. Muulize pia liko kwa wateja wangapi wanaolipia, sio wanaojaribu bure. Toleo la mezani na toleo linalouzwa ni vitu viwili, na katikati yake kampuni ndogo nyingi zimefia.

Basi tuje kwenye hiyo dola 2. Hili nalisikia kila wiki kwahiyo usijisikie vibaya: hisa ya dola 2 sio rahisi kwa sababu ni dola 2. Bei ya hisa moja peke yake haina maana mpaka uizidishe kwa idadi ya hisa zote. Hisa milioni 50 mara dola 2 ni milioni 100, hiyo ndo bei ya kampuni nzima sokoni leo. Swali la kujiuliza ni kama mtu angekuuzia kampuni yote kwa milioni 100, mauzo yake, faida yake kama ipo, wateja wake na milioni 12 za benki, ungeona umepata au umepigwa? Umenipa asilimia 60 ya kupanda kwa mauzo lakini hujanipa mauzo yenyewe ni kiasi gani. Kutoka milioni 5 kwenda 8 ni asilimia 60. Kutoka 50 kwenda 80 pia. Ya kwanza unanunua kampuni kwa zaidi ya mara 12 ya mauzo yake ya mwaka, ya pili kwa mara moja na robo tu, na huo ni ulimwengu mwingine kabisa. Na kwamba mwaka juzi ilikuwa 5 haimaanishi inadaiwa kurudi 5, bei haina kumbukumbu. Inawezekana mwaka juzi ndo watu walikosea, wakalipa sana.

Unasema soko halijashtuka. Inawezekana, kampuni ndogo kweli huwa hazifuatiliwi na wengi. Ila mi nikiona mauzo yanapanda asilimia 60 alafu hisa inashuka zaidi ya nusu, kitu cha kwanza ninachokihisi ni kwamba soko limeshtuka zamani, limeona kitu ambacho bado hujakifungua kwenye ile ripoti. Na nadhani najua ni ukurasa gani.

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Sio ile ya faida na hasara, ni ile nyingine ambayo watu wengi wanairuka. Tafuta mstari wa fedha iliyotumika kwenye shughuli za uendeshaji, kisha ongeza na iliyoenda kununua mitambo na vifaa. Umeniambia wana milioni 12 benki, hukuniambia zinatoka ngapi kwa mwaka, na hiyo ndo namba ninayoitaka kuliko zote. Tuseme zinatoka 9. Hapo wana miezi 16 ya kupumua. Na hakuna mkurugenzi mwenye akili anayesubiri mpaka mwezi wa 16, ataanza kutafuta pesa ikibaki miezi sita au nane, maana akisubiri zaidi wenye pesa watamnyonga kwenye bei. Kwahiyo kwa mfano huo ndani ya mwaka mmoja kampuni itauza hisa mpya, na kila mtu anayeifuatilia anajua hivyo, ndo maana hawaikimbilii.

Hisa mpya zikiuzwa kinachotokea ni hiki. Tuseme wanataka milioni 20, na ili wanunuzi wavutike wanawauzia kwa dola 1.60 badala ya 2. Hizo ni hisa mpya milioni 12.5, jumla inakuwa milioni 62.5. Hujauza hata hisa moja, hujafanya kosa lolote, lakini sehemu yako ya kampuni imepungua kwa asilimia 20. Mwaka mwingine wanafanya tena, na katikati hapo wafanyakazi wanapewa hisa zao kama sehemu ya mshahara, na waliokopesha wanabadilisha deni kuwa hisa. Ikifika hisa milioni 100, kampuni inaweza kuwa imeongezeka thamani mara mbili, kutoka milioni 100 hadi 200, injinia wako yuko sahihi, kifaa kinauzwa, kila kitu ulichokitabiri kimetokea, na hisa yako bado ni dola 2. Mi mwenyewe yamenikuta haya. Zamani nilinunua kampuni moja ndogo ambayo bidhaa yake niliitumia kila siku, mauzo yakaongezeka zaidi ya mara tatu kwa miaka sita niliyokaa nayo, nikatoka na kama nusu ya pesa niliyoingia nayo. Bidhaa yenyewe bado naitumia mpaka leo, basi ndo hivyo.

Alafu kuna jambo ambalo linawashangaza wengi, kwamba kwenye biashara ya vifaa mauzo yakipanda haraka pesa benki inaweza kuisha haraka zaidi. Chipu na kasha vinalipiwa leo, mara nyingine kabla hata havijafika. Kifaa kinaunganishwa, kinakaa stoo, kinasafirishwa kwa mteja, na mteja mkubwa kama kiwanda chenu analipa baada ya siku 60 au 90. Kama kila kifaa kinashikilia dola 60 za kampuni kwa miezi mitano na unatoka vifaa elfu 10 kwenda elfu 16, pesa iliyoshikiliwa inaongezeka na lazima itoke mahali. Kwahiyo pale penye stoo na wadaiwa (wateja ambao bado hawajalipa) kwenye ripoti linganisha na mauzo. Mauzo yamepanda asilimia 60 na wadaiwa wamepanda 60, sawa. Wadaiwa wakiwa wamepanda 150 hapo mi naanza kuuliza kama wanauza kweli au wanawajazia wasambazaji mzigo mwishoni mwa mwaka ili namba ipendeze, maana mzigo ulioko stoo ya msambazaji bado haujabandikwa kwenye mota ya mtu.

Huo ushirikiano na kampuni ya pampu sasa. Neno ushirikiano kwenye matangazo ya kampuni ndogo linaweza kumaanisha wamesaini kununua vifaa laki moja na linaweza kumaanisha wamekunywa chai pamoja wakapiga picha. Tafuta vitu viwili tu, je kuna kiasi cha chini ambacho mkubwa amelazimika kununua? Na je mdogo amezuiwa kuwauzia wengine? Mwaka 2013 mwezi wa 11 kampuni ya GT Advanced Technologies ilitangaza makubaliano na Apple ya kutengeneza yakuti ya viwandani, ile ya kufunika kioo, na Apple wangetanguliza kama dola milioni 578. Ungependa ushirikiano gani zaidi ya huo? Hisa ikapanda. Ila masharti yalivyokuja kujulikana vizuri, GT ndo walibanwa kuzalisha, Apple hawakulazimika kununua. Uzalishaji ukasumbua, pesa ya mwisho ikazuiliwa, na tarehe 6 Oktoba 2014 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 90 siku hiyohiyo. Imagination Technologies ya Uingereza nao Aprili 2017 walitangaza kwamba Apple, mteja wao mkubwa kuliko wote, ataacha kutumia teknolojia yao ya michoro ndani ya miaka miwili hivi, hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 60 kwa siku moja. Teknolojia haikuharibika usiku ule, ila mteja mmoja alikuwa amebeba nusu ya nyumba. Kwenye ripoti kuna sehemu wanalazimika kusema kama kuna mteja anayezidi asilimia 10 ya mauzo, isome kwanza kabla ya picha za mbele.

Sitaki ufikiri nakutisha tu, upande wa pili nao upo na ni wa kweli. Nvidia, watengenezaji wa chipu za michoro ya kompyuta, bidhaa yao ya kwanza ya mwaka 1995 ilishindwa sokoni, wakapunguza wafanyakazi zaidi ya nusu, wakaponea kwenye chipu ya RIVA 128 ya mwaka 1997, na wakaingia sokoni Januari 1999 kwa dola 12 kwa hisa. Mtu aliyeishika ile bidhaa ya kwanza akasema hawa hamna kitu alikuwa sahihi kuhusu bidhaa akakosea kuhusu kampuni. Kwahiyo kuonja bidhaa kunadanganya pande zote mbili. Na hata ukiipata ile sahihi, Amazon ilipita dola 100 mwezi Desemba 1999 ikaja kushuka chini ya dola 6 mwaka 2001. Jiulize kwa ukweli, ungekuwa na theluthi mbili ya akiba yako pale, na mkopo juu, ungekaa? Mi nisingekaa, na watu wengi walioniambia wangekaa nimewaona wakiuza kwa hasara ya asilimia 30 tu.

Kuna na aina nyingine ambayo ni chungu zaidi, bidhaa inaishi na pesa ya kwanza inakufa. Iridium, ile ya simu za satelaiti, walitumia kama dola bilioni 5, satelaiti 66 zikafanya kazi kama walivyoahidi, wakafungua huduma Novemba 1998 na Agosti 1999 wako mahakamani kufilisika. Wamiliki wapya wakaja kuichukua mali yote kwa dola milioni 25. Huduma ipo mpaka leo, inatumika melini na kwenye ndege, ila wenye hisa wa mwanzo hawakuambulia. Kwahiyo mtu akikwambia "hawa hawawezi kufa, kila kiwanda kinawahitaji", mwambie kifaa kinaweza kisife, swali ni nani atakuwa anakimiliki.

Ungeniuliza mi ningefanya nini mahali pako. Theluthi mbili hapana, na sitaki tubishane sana hapo. Kampuni moja, ndogo, inayokula mtaji, huwezi kuibebesha maisha ya familia hata kama injinia wake ni malaika. Kutonunua kabisa ni jibu la heshima pia, akiba inakaa kwenye mfuko mpana wa hisa nyingi, na we unaendelea kufurahia kifaa bila kuangalia bei kila asubuhi. Ila najua watu, ukiambiwa usiguse kabisa utanunua kimyakimya, kwahiyo kama roho haitulii weka kiasi ambacho kikipotea chote hakuna mtu nyumbani atabadilisha mpango wowote, kwangu hiyo ni asilimia 3, ikizidi sana 5. Na nisingeharakisha. Ningesubiri ripoti mbili zijazo nione pesa inatoka kwa kasi gani, na ningependa waongeze mtaji kwanza, mara nyingi ukisubiri hapo unanunua kwa bei ileile ya wale wawekezaji wakubwa au chini kidogo na kampuni ina miaka miwili ya kupumua. Gharama ya kusubiri ipo, siifichi, inaweza kutangazwa oda kubwa kesho ikapanda mara mbili ukabaki unanilaumu. Naikubali hiyo lawama kuliko ile nyingine.

Jambo dogo la kiufundi ila linauma, hisa za kampuni ndogo zinauzwa chache kwa siku. Bei ya anayetaka kununua inaweza kuwa 1.90 na ya anayetaka kuuza 2.05, ukiingia na kutoka siku hiyohiyo umeshapoteza zaidi ya asilimia 7 bila habari yoyote mbaya. Usitoe oda ya kununua kwa bei yoyote iliyopo, mpe dalali bei yako ya mwisho na uwe tayari isinunuliwe. Na siku ya habari mbaya usitegemee utatoka, wanunuzi wanaondoka wote mara moja.

Sasa kuna kitu kimoja kwenye swali lako kimenifanya nisite, yale maongezi ya saa nzima na injinia, na kazi yako hapo kiwandani. Kama injinia alikwambia jambo zito ambalo halijatangazwa, mfano oda kubwa inayokuja, au kama we mwenyewe unajua kiwanda chenu kinakaribia kuagiza vifaa elfu kadhaa au kinakaribia kuvunja mkataba, usinunue wala kuuza kwanza. Nchi nyingi zenye soko la hisa zinaona hilo ni kosa, hata kwa mtu mdogo, hata kama hukuomba kuambiwa. Habari ulizoziona kwa macho yako kama fundi, kwamba kifaa kinafanya kazi, hazina shida. Ukiwa huna hakika iko upande gani, hapo muone mwanasheria au muulize dalali wako aliyesajiliwa, kabla ya oda.

Na kuna mambo mengine ambayo mi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. Kama hiyo akiba ndo ada za watoto, au ya kumalizia nyumba, au ndo uzee wenu, kaa na mshauri wa fedha mwenye leseni ya mamlaka ya masoko ya nchi yako, ana kwa ana, na uende na mkeo, maana ni akiba ya wote wawili na naona yeye ndo anauliza maswali magumu zaidi. Muulize mshauri mapema analipwa na nani, akilipwa kwa kila hisa anayokuuzia jua hivyo. Kama ripoti zinakuchanganya mtafute mhasibu mmoja mumpe saa mbili, mwambie akuonyeshe mahali mkaguzi ameandika kama ana shaka na uwezo wa kampuni kuendelea na biashara, ni aya moja tu na mara nyingi iko nyuma. Na kama wazo la kununua halikuanzia kwenye zile beringi mbili bali kuna mtu kwenye grupu la simu alikuhimiza na akakupa tarehe ya mwisho, acha kabisa na uwaripoti kwa hiyo mamlaka.

Mkopo wa kazini usichukue. Marejesho yake yanakatwa kila mwezi hisa ipande ishuke, na kampuni ikiuza hisa mpya mwezi wa nne bei ikaenda 1.50 utakuwa bado unakatwa mshahara kulipia zile za 2. Ukienda kwa mshauri mwambie na habari ya huo mkopo, usimfiche, na ubebe ripoti mbili za mwaka zilizopita pamoja na majibu ya wale mafundi watano.